Unga wa nyumbani umekwisha kustaafu, mimi bado niko kazini

Mkaaji wa Katuba (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote. Ninaandika kutoka Lubumbashi, mtaa wa Katuba. Nina miaka 43, ni fundi wa umeme katika mgodi mmoja wa upande wa Kolwezi, na kazi yangu ni ya zamu: majuma matatu ninalala kambini, juma moja ninarudi nyumbani. Mwaka 2016 mke wangu nami tulikubaliana kwamba nitakapotimiza miaka 52 nitaacha kuajiriwa, ili nisizeeke nikiwa mgeni katika nyumba niliyoijenga mwenyewe. Namna ya kupata fedha imekwisha kuandikwa sana na watu wanaoijua kuliko mimi. Ninachotaka tukizungumzie ni ile miaka ya katikati, pale hamu ya mwanzo imepoa na siku ya kuacha kazi bado iko mbali, kwa sababu nimeona wengi wakikata tamaa hapo hapo, na mimi mwenyewe nilikaribia sana kuwa mmoja wao.

Nilianza kwa kusoma hesabu za Wamarekani. Kule mshauri wa fedha aitwaye William Bengen alipitia historia ya hisa na hati za dhamana za Marekani, na mwaka 1994 akaonyesha kwamba mstaafu akitoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akakiongeza kiasi hicho kila mwaka kadiri bei zinavyopanda, akiba hiyo ingemtosha kwa walau miaka 30. Kutokana na hapo watu wakapata kanuni nyepesi ya kuweka akiba mara 25 ya matumizi ya mwaka. Nyumba yangu ilikuwa ikitumia dola 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka, na mara 25 ya hizo ni dola 180,000. Niliiandika namba hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kila mwisho wa mwezi nilifungua daftari, nikaongeza dola 300, nikagawanya kilichobaki, na jibu likawa karibu miaka 50. Nilikuwa nimejipa miaka 18.

Hali hiyo ilinibadilisha, na haikunibadilisha kwa wema. Nilikuwa kama msafiri aliyelala stesheni akisubiri treni ambayo hakuna ajuaye itafika siku gani: hathubutu kwenda kula kwa kuwa treni yaweza kuja, hathubutu kusinzia kwa kuwa treni yaweza kuja, na mizigo yake iko mapajani usiku kucha. Mtoto akiomba viatu, mimi niliona miezi ikiongezeka. Rafiki akinialika kunywa, nilitafuta sababu. Kibaya zaidi ni kwamba niliichukia kazi ambayo kwa kweli ninaipenda, kwa sababu nilikuwa nimeigeuza kuwa kifungo chenye idadi ya siku.

Kilichonitoa huko ni unga. Mwaka 2019 tulipata hekta mbili kwenye barabara ya Kasenga. Mwaka wa kwanza tulilima bila mbolea tukaambulia kidogo, lakini mavuno ya mwaka 2021 yalitupa magunia 30 ya mahindi ya kilo 50. Nyumba yetu ni ya watu saba, nasi tunakula mifuko mitatu ya unga wa kilo 25 kwa mwezi, ambayo ni kilo 900 kwa mwaka. Mke wangu alihesabu magunia yale, akaondoa kinachopotea kwenye mashine ya kusaga na kinachopelekwa kwa wazazi, kisha akasema, "Mwaka huu hatununui unga." Nilikaa kimya. Katika miaka mitano ya kuweka akiba, ile ilikuwa mara ya kwanza kitu fulani kukamilika. Usiku ule niliandika kwenye daftari: unga umestaafu.

Tangu siku hiyo niliacha kuihesabu ile 180,000. Badala yake niliziandika gharama zote za nyumba kwa majina, na sasa ninazistaafisha moja baada ya nyingine. Gharama hustaafu pale inapolipwa mwaka mzima na kitu kisicho mshahara wangu, iwe ni shamba, kodi ya nyumba, au biashara ya mama watoto. Mwanzoni mwa mwaka 2023, mahindi ya Zambia yalipopungua mpakani Kasumbalesa na bei ya mfuko wa unga ikapaa hapa mjini, majirani walikuwa wakiamka alfajiri kuutafuta. Sisi tulikuwa tukila bukari, yaani ugali, ya shamba letu, na nilielewa kwamba gharama iliyostaafu ina faida ambayo namba ya dola haiwezi kuionyesha: bei ikipanda, hainigusi. Ile kanuni ya mara 25 ilijengwa juu ya masoko ya Marekani na fedha ya Marekani. Sisemi ni ya uongo huko kwao, lakini mimi ninakula unga wa huku mkoani kwetu, Haut-Katanga.

Baada ya unga tulijenga zaneksi mbili, yaani nyumba ndogo, za matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba, kila moja ikipangishwa kwa dola 70 kwa mwezi, na kodi hiyo tumeipa kazi moja tu, karo za watoto. Bado haijatosha, kwa hiyo shule imestaafu nusu. Makala (mkaa wa kupikia), dawa, usafiri, nguo na michango ya kilio bado viko kazini pamoja nami. Ninasikia utulivu ambao sikuwa nao zamani, ingawa miaka iliyobaki bado ni tisa. Je, ninyi wenzangu mnaishije katika miaka ya katikati? Na kama kuna kosa katika njia yangu, ninaomba mnionyeshe wazi.

Kijana wa Kampemba

Yaya, kaka yangu mkubwa, asante kwa uzi. Mimi nina miaka 27, nafanya kazi ya uhasibu, sina mke wala mtoto, na ninaweka nusu ya mshahara. Nimepiga hesabu: mtu anayeanza bila kitu, akaweka nusu ya mapato yake, na akiba hiyo ikakua kwa asilimia 5 kwa mwaka juu ya upandaji wa bei, atafikia mara 25 ya matumizi yake baada ya miaka kama 17. Akiweka robo tu, ni miaka 32. Kwa hiyo mimi naona dawa ya uvumilivu ni kuongeza kasi, ili miaka ya kuvumilia iwe michache. Swali langu la pili ni kuhusu CNSS, mfuko wa taifa wa pensheni. Ukiacha kazi ukiwa na miaka 52, michango yako inakuwaje?

Mkaaji wa Katuba

Mdogo wangu, hesabu yako ni sahihi, ila hiyo asilimia 5 juu ya upandaji wa bei ndiyo inayobeba jengo lote. Fedha zikikaa tu bila kukua, anayeweka nusu atahitaji miaka 25 na anayeweka robo atahitaji 75. Kabla ya kuitegemea hesabu hiyo, jiulize ni wapi hapa Lubumbashi utapata ukuaji huo mwaka baada ya mwaka, tena bila kukosa usingizi. Kuhusu kasi, sikukatazi, maana ujana ndio wakati wake. Ninakuomba tu uangalie kama bado unakwenda kuwasalimia wazazi wako Jumapili, kwa sababu nauli yao ilikuwa ya kwanza kukatwa katika daftari langu, nami ninaijutia hadi leo.

CNSS: sheria ya mwaka 2016 imeweka umri wa pensheni ya uzee kuwa miaka 60, kwa mwanamume na kwa mwanamke, pamoja na muda wa michango unaotakiwa. Anayeacha kazi na miaka 52 ana daraja la miaka minane ambalo ni lazima alivuke kwa vitu vyake mwenyewe. Kila mwezi asilimia 5 ya mshahara wako inakatwa kwa ajili ya pensheni, na mwajiri naye anatoa sehemu yake. Nenda mwenyewe ofisini kwao ukahakikishe kwamba michango hiyo imeandikwa kwa jina lako, miaka yote, bila pengo. Usingoje kwenda huko siku ya kuomba pensheni.

Mama wa Ruashi

Baba wa Katuba, nimesoma maneno yako mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu yamenigusa mahali panapouma. Mume wangu naye ana mpango kama wako. Ninamheshimu kwa mpango huo, na ninajua anaufanya kwa ajili yetu. Lakini ninataka wanaume wanaosoma hapa waelewe kwamba katika nyumba nyingi uvumilivu unaosifiwa si wa anayeandika daftari, ni wa yule anayepika.

Mume akisema mwezi huu tupunguze, mimi ndiye ninayekwenda sokoni na fedha zilizopunguzwa. Mimi ndiye ninayesimama mbele ya muuza makala nikiomba anipimie nusu. Mtoto akikohoa usiku, mimi ndiye ninayeamua kama tungoje asubuhi au tutafute teksi, na katika kuamua huko ninaliona lile daftari mbele ya macho yangu. Nilivumilia hivyo miaka minne. Watu walisema nina moyo wa kuridhika, na haikuwa kweli, maana mtu huridhika na kitu alichokichagua, na mimi sikuwa nimechagua.

Siku moja nilimwambia bila hasira, "Huo mpango wako una jina lako peke yako. Ukistaafu wewe, mimi nitakuwa nimestaafu kitu gani?" Ninauza samaki wakavu wanaotoka Kasenga, ninaamka saa kumi ya usiku, nami sikuwa kwenye mpango wake hata kwa mstari mmoja. Tulizungumza siku tatu. Tangu hapo likelemba yangu, kikundi cha wanawake kumi tunaochanga na kupokezana fedha kwa zamu, imeingia kwenye hesabu ya nyumba, na zamu yangu ya kupokea inapofika, nusu ni ya mpango na nusu ni yangu bila kuulizwa. Tuliandika pia kwamba nitaacha kuamka saa kumi ya usiku mwaka ule ule atakaoacha kazi yeye. Wallahi, tangu tuandike hivyo, hata makala machache hayaniumizi kama zamani. Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: katika orodha yako ya gharama, iko wapi kazi ya mama watoto? Nani ataistaafisha hiyo?

Mkaaji wa Katuba

Mama, sina la kujitetea. Mwaka 2016 tulikubaliana juu ya siku ya kuacha kazi, lakini vya kupunguza nilivichagua mimi peke yangu, nikiwa kambini, mbali na jiko. Hata lile shamba ninaloliita letu, mimi niko huko siku chache tu katika mwaka, na palizi karibu yote ni yake. Nimeandika kwamba unga umestaafu, kumbe unga ulihama tu kutoka katika mshahara wangu ukaenda kwenye mgongo wake. Nitarudi na jibu baada ya kuzungumza naye, kwa sababu nikijibu sasa nitakuwa ninamsemea tena.

Mzee wa Kamalondo

Wanangu, nina miaka 75, na mjukuu wangu ndiye anayenisomea na kuniandikia. Mnazungumza mambo mazuri. Hiki mnachokiita kustaafisha gharama, sisi tulizaliwa ndani yake bila kujua jina lake.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba. Tulikaa katika nyumba ya kambi, tulitibiwa katika hospitali ya kampuni, tulisoma katika shule ya kampuni, na posho ilitolewa kwa kipimo: unga, maharagwe, samaki, mafuta ya mawese. Mwaka 1967 serikali ilipoitaifisha, kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines iliendelea kuwabeba watu hivyo hivyo. Baba alikuwa akilalamika kwamba mshahara ni mdogo, na ni kweli ulikuwa mdogo, lakini karibu kila kitu mlichokitaja hapa kilikuwa kimekwisha kulipwa kabla mshahara haujafika. Halafu shaba ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zikitoka tani zaidi ya 450,000 kwa mwaka, na katikati ya miaka ya 1990 hazikufika 50,000. Gharama zote ambazo kampuni ilizibeba zilirudi nyumbani kwa wakati mmoja, kama wageni waliokuja na mizigo yao, na watu hawakuwa na mazoea ya kuzipokea. Kwa hiyo, mwanangu wa Katuba, unapostaafisha gharama, angalia umemkabidhi nani. Ukimkabidhi mwajiri, haijastaafu, imelala tu.

Na msiniulize kuhusu fedha zilizowekwa. Baba aliacha kitabu cha akiba cha zaire, fedha ya nchi ya wakati ule. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 faranga moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Kitabu ninacho bado, kwa ajili ya mwandiko wake.

Sasa niseme juu ya mwaka 2003. Katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa hiari, kila mmoja akipokea fedha zake kwa mara moja. Mimi sikuwa miongoni mwao, nilikuwa fundi wa magari katika kampuni ndogo, lakini mwaka uliofuata nami niliondoka na fedha za mara moja, nikiwa na miaka 54, na jamaa walinipongeza. Nilinunua basi dogo la abiria. Baada ya miezi 14 basi lilikuwa chini ya mwembe bila injini, na fedha zilikuwa zimekwisha. Hakuna aliyeniibia. Nilikuwa nimengoja siku ile kwa miaka mingi sana kiasi kwamba ilipofika sikujua la kuifanyia, nikatafuta haraka kitu cha kuijaza.

Nimewaangalia jirani zangu walioondoka miaka ile ile. Wale waliosimama vizuri hawakuwa waliopokea fedha nyingi. Walikuwa watu ambao tangu wakiwa kazini walikwenda shambani kila Jumamosi, au walikuwa na karakana ndogo ya useremala uani, au walifuga kuku. Siku ya kwanza bila kazi waliamka wakafanya kile kile walichokuwa wakikifanya Jumamosi. Hiyo juma moja ya zamu unayorudi nyumbani, mwanangu, unaifanyia nini? Ukiilala yote kwa uchovu, utaachaje kazi ya miaka na kuingia katika maisha ambayo hujawahi kuyaishi hata siku saba? Na jambo jingine dogo: hekta mbili zote za mahindi ni hatari. Panda na maharagwe.

Mwenyeji wa Goma

Ndugu wa Katuba, ninawasalimu kutoka Goma. Mzee ameuliza gharama umemkabidhi nani, nami ninaongeza swali la mahali. Mwaka 2002 nilikuwa kijana mwenye nyumba moja ya kupangisha, niliyorithi kwa baba, katikati ya mji. Tarehe 17 Januari mwaka ule volkano yetu, Nyiragongo, ilipasuka, na lava ikashuka hadi ziwani ikipita juu ya mji wetu. Nyumba ilizikwa yote. Kiwanja kilikuwa changu bado, lakini kilikuwa jiwe lenye moto ndani, na tulingoja majuma mengi kabla ya kuweza hata kusimama juu yake.

Nilijifunza kujenga kwa mbao, mahali pawili tofauti, nyumba ndogo ambazo nikipoteza moja sitapotea nayo. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipowaka tena, lava ilisimama pembezoni mwa mji, na siku chache baadaye serikali ya mkoa ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe. Nilitembea kuelekea Sake na watoto, nikiwa na hofu kama kila mtu, lakini bila ile hofu ya mwaka 2002 ya mtu ambaye mpango wake wote uko katika kiwanja kimoja. Kisha mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, benki zikafunga milango, na akiba yangu ikawa namba tu kwenye simu, nisiyoweza kuitoa. Kilichotulisha miezi ile ni kodi ndogo za zile nyumba za mbao, ambazo wapangaji walilipa kwa kadiri walivyoweza, wengine kwa makala, wengine kwa viazi.

Watu wa hapa wakisikia maneno ya kustaafu mapema hufikiri ni mambo ya miji yenye utulivu. Mimi ninaona tofauti. Mtu asiye na hakika na kesho ndiye anayehitaji zaidi vitu vinavyoendelea kumlisha hata kazi ikikatika ghafla, na hapa imekatika kwa wengi bila wao kuchagua tarehe. Nimeacha kutaja mwaka nitakaoacha kazi ya ualimu. Ninataja tu idadi ya miezi ambayo nyumba yangu ingekaa bila mshahara. Mwaka 2010 ilikuwa mmoja. Leo ni kama tisa, pamoja na yote yaliyotokea.

Kijana wa Kampemba

Nimesoma majibu yote, nami ninataka kukiri jambo. Niliposema dawa ni kuongeza kasi, sikuwaambia kwamba nimeacha kwenda kwenye vilio vya mtaani ili nisichange. Mwezi uliopita alifiwa mwenzangu tuliyesoma naye, nikatuma ujumbe kwa simu tu. Yeye hakusema kitu, lakini tangu siku hiyo ananisalimu kama anavyomsalimu mtu asiyemfahamu. Yaya, wewe mchango wa kilio umeuweka kwenye orodha ya gharama za kustaafishwa. Unawezekana kweli?

Mkaaji wa Katuba

Mdogo wangu, mchango wa kilio nimeuweka kwenye orodha ili upate cha kuulipa, sikuuweka ili uishe. Zamani ulikuwa ukitoka kwenye mshahara, na kwa kuwa hauna tarehe, kila ulipokuja niliuona kama adui wa mpango. Sasa mayai ya kuku wetu yana mkebe wake, na mkebe huo ni wa vilio na wagonjwa peke yake. Kwa miezi mingine haujai, nami ninaongeza. Lakini ninakwenda, ninakaa na wafiwa usiku, na sijawahi kurudi kutoka kilioni nikijuta zile faranga. Nenda kwa rafiki yako hata leo, usitafute maneno mazuri, keti tu.

Mama wa Ruashi, nimezungumza na mke wangu kama nilivyoahidi. Nilimsomea jibu lako kwenye simu nikiwa kambini, na alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniambia mambo matatu ambayo sikuyajua. Palizi ya mwezi wa kwanza inamuumiza kiuno tangu mwaka juzi. Msimu wa 2023 hadi 2024, mvua zilipokatika katikati na tukavuna nusu, unga ukalazimika kurudi kazini kwa miezi mitano, na yeye alikopa kwa dada yake ili nisihuzunike, akalilipa deni hilo polepole bila mimi kujua. Jambo la tatu ni kwamba hataki kabisa mimi niache kazi kama nitakuja kukaa nyumbani nikimkagua. Hilo la mwisho alilisema kwa upole, nami nililipokea lilivyo.

Kwa hiyo daftari limebadilika. Palizi imeandikwa kama gharama: tutalipa vijana wawili wa kule kijijini, na mpaka kodi za zaneksi zitakapotosha, malipo hayo yatatoka katika mshahara wangu, hata kama shule itachelewa kustaafu kwa mwaka mmoja. Nilipoandika hivyo niliona siku ya mwisho ikisogea mbele, pengine hadi miaka 53. Zamani ningekosa usingizi kwa jambo kama hilo. Safari hii nililala, nadhani kwa sababu mwaka huo mmoja ninajua unanunua nini.

Baba Mzee, swali lako la juma moja la zamu lilinikuta. Kweli nilikuwa ninalilala, na siku mbili za mwisho ninazimaliza nikiwaza kurudi kambini. Tangu zamu iliyopita nimeanza kulitumia kama majaribio ya maisha ninayoyataka: asubuhi shambani au katika zaneksi kutengeneza kilichoharibika, mchana kupokea kazi ndogo za umeme za mtaani, jioni nyumbani bila daftari, ambalo sasa ninalifungua mara nne tu kwa mwaka, baada ya kila miezi mitatu. Siku saba zile zilipita vizuri, isipokuwa ya nne, ambayo nilichoka na ukimya nikatamani kelele za mgodi. Ni vema nimelijua hilo sasa. Na huko kambini kuna kijana niliyepewa kumfundisha, ambaye kwa miaka miwili nilimwona kama mzigo unaochelewesha kazi. Juma lililopita alitafuta hitilafu ya mota peke yake, akaipata, akaja kunionyesha kabla hajamwambia mkubwa wake. Nilifurahi siku nzima, na siku hiyo sikukumbuka hata mara moja kwamba imebaki miaka tisa, au kumi.

Ndugu wa Goma, hesabu yako ya miezi nimeiazima. Sisi kwa sasa ni kama mitano. Tutatafuta pia sehemu ya pili ya kulima, ndogo, upande wa barabara ya Kipushi, ili mvua ikikosa upande mmoja tusiwe tumekosa pote.

Zamu yangu inaisha tarehe 12 Novemba. Mbegu na mbolea zimekwisha kununuliwa, vijana wa palizi wamekwisha kukubali, na nusu hekta imetengwa kwa maharagwe, Baba Mzee. Mvua zikishika mapema tutapanda wote saba juma hilo hilo.